Utoto na Masomo ya Shaaban Robert

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yatokapo, neno moja husikika katika nyumba nyingi za milima yetu ya Uluguru, toka Mgeta hata Matombo, na huku mjini Morogoro vilevile. Mtoto ambaye jina lake halikuonekana katika orodha ya wanaoendelea husemwa kuwa amemaliza. Baba huwaambia hivyo jirani zake, mama husema hivyo kisimani, na mjomba, ambaye kwa desturi ya Waluguru ana sauti kubwa katika mambo ya mtoto, naye hukubali. Siku chache baadaye madaftari huwekwa darini, na kurasa zake huchanwa moja moja kwa kuwashia moto au kufungia karanga. Mtoto mwenyewe, mwenye umri wa miaka 13 au 14, huanza kuamini kwamba mlango wa elimu umefungwa nyuma yake, na kwamba yaliyobaki ni jembe, au pikipiki ya kukodi, au kibarua cha mjini.

Twapenda kuwauliza wazazi hao swali moja: mtoto huyu amemaliza nini? Na ili swali letu lisiwe maneno matupu, tumeona vema leo kusimulia utoto na masomo ya mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana na kila aliyepita shuleni katika nchi hii, naye ni marehemu Sheikh Shaaban Robert, mshairi na mwandishi wa Kiswahili. Hakuwa mtu wa milima yetu, bali wa Tanga. Walakini twadhani maisha yake ya ujana yawahusu sana watoto wa Uluguru, maana katika umri ule ambao mtoto wetu huambiwa kuwa amemaliza, yeye ndipo alipokuwa akianza.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Wayao, watu wa kusini ambao wengi wao walisambaa pwani kwa sababu ya biashara na misukosuko ya karne ya 19. Lakini lugha aliyoipata nyumbani ni Kiswahili, na mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili maisha yake yote. Wako wasomaji waliodhani, kwa kuona jina la Robert, kwamba alikuwa Mkristo. Hilo lilikuwa jina la baba yake, na kwa desturi ya pwani aliitwa Shaaban bin Robert. Yeye alikuwa Mwislamu, akaishi na kufa katika dini hiyo, na watu wa dini zote wamesoma vitabu vyake kwa faida.

Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Wadachi. Tanga ulikuwa mji mkubwa wa Serikali yao upande wa kaskazini. Huko ndiko walikofungua shule yao ya Serikali katika miaka ya 1890, na huko ndiko lilikotoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, ambalo msomaji asilichanganye na Kiongozi la Tabora lililoanza mwaka 1950. Wadachi walitaka maakida na makarani wenye kuandika barua na kuhesabu kodi, nao wakaona kwamba hawawezi kuitawala nchi yenye makabila mengi bila lugha moja. Basi Kiswahili kikaandikwa kwa herufi za Kizungu katika ofisi, huku watu wa pwani wakiendelea kukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya babu zao katika tenzi na barua. Mtoto aliyezaliwa Tanga katika miaka hiyo alizaliwa kati ya maandishi ya namna mbili.

Alipokuwa hajatimiza miaka sita, vita vilifika mlangoni pa kwao. Mwezi wa Novemba 1914 jeshi la Waingereza, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari wa Kihindi, liliteremka kutoka merikebuni Tanga, likapigana na askari wa Jemadari von Lettow-Vorbeck, likashindwa na kurudi baharini baada ya siku chache. Waingereza hawakuutwaa mji wa Tanga mpaka Julai 1916. Mwezi wa Agosti mwaka uleule majeshi yao yaliingia hapa Morogoro, na wazee wetu wa Uluguru waliona kwa macho yao vijana wakichukuliwa kuwa wapagazi na chakula kikitwaliwa ghalani. Katika miaka hiyo shule za Wadachi zilikoma. Walimu wengine wakawa askari, wengine wakafungwa, wengine wakatawanyika. Vita vilipokwisha ukaja ugonjwa wa mafua makali wa mwaka 1918, ulioua watu wengi katika Afrika Mashariki. Kizazi kizima cha watoto kilipita umri wa kuanza shule bila kuiona shule.

Yatupasa kulikumbuka jambo hili tunapowahukumu wenye kuchelewa. Serikali ya Waingereza ilianzisha Idara yake ya Elimu mwaka 1920, chini ya Bwana Rivers-Smith, na shule zake zilikuwa chache mno kwa nchi kubwa kama hii. Sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha ilikuwa mikononi mwa misheni. Hapa kwetu, kwa mfano, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Matombo tangu mwaka 1897, na watoto wa milimani walijifunza kusoma katika shule zao. Kwa mtoto wa Kiislamu wa pwani mambo yalikuwa magumu zaidi. Aghalabu alianza katika chuo cha Kurani, akajua herufi za Kiarabu. Lakini kama baba yake alitaka apate na elimu ya kazi, ilimpasa kuitafuta shule ya Serikali, hata ikiwa mbali.

Shaaban alipelekwa Dar es Salaam. Ilikuwa mwaka 1922, naye alikuwa na umri wa miaka 13. Msomaji na aitazame ramani. Siku hizo haikuwako reli kati ya Tanga na Dar es Salaam. Njia mbili za reli za nchi hii hazikuunganishwa hata mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Reli ya Tanga ilikwenda Moshi, na reli ya Dar es Salaam ilikwenda Kigoma. Mtu wa Tanga aliyetaka kwenda Dar es Salaam ilimlazimu kusafiri baharini, au kukanyaga njia ya nchi kavu kwa siku nyingi. Lakini mji wetu wa Morogoro ulikuwa umefikiwa na reli ya Dar es Salaam tangu mwaka 1907, miaka miwili kabla ya Shaaban kuzaliwa. Kwa hiyo, katika mwaka 1922, kijana wa Uluguru aliyeteremka mpaka stesheni ya Morogoro alikuwa na njia nyepesi kuliko kijana wa Vibambani. Twalisema hili kwa sababu mara nyingi twawasikia watu wa milimani wakisema kwamba umbali ndio uliowazuia. Umbali ni kitu cha kweli, wala hatuwacheki wenye kuutaja. Lakini umbali wa mguu si kipimo pekee. Mara nyingine lililopungua ni mtu mzima nyumbani wa kusema kwamba mtoto huyu na aende.

Shaaban alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926. Miaka minne hivi! Shule za Serikali za wakati ule zilikuwa na shabaha moja iliyo wazi: kuwapata vijana wa kuandika, kupiga hesabu, kufasiri maneno na kutunza vitabu vya ofisi. Hazikukusudia kumfundisha mtu kutunga mashairi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia, na Kiingereza kilifundishwa kiasi cha kumwezesha karani kumwelewa bwana wake. Kijana aliyetaka zaidi ya hayo ilimpasa kujitafutia.

Walakini miaka aliyosoma Shaaban ilikuwa miaka ya pekee katika habari za lugha yetu. Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo, papo hapo Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na habari za ulimwengu, maarifa ya kilimo na afya, barua za wasomaji toka kila upande wa nchi, na mashairi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tanga na mtu wa Bukoba waliweza kujibizana kwa kalamu katika ukurasa mmoja. Mwaka 1925 ulifanyika Dar es Salaam mkutano mkubwa wa elimu, na jambo mojawapo lililojadiliwa ni namna ya kukiandika Kiswahili kwa njia moja. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ikakubaliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo kijana huyu alikaa darasani wakati ule ule ambapo wakubwa walikuwa wakibishana juu ya tahajia ya maneno ya mama yake. Miaka ya baadaye mashairi yake yalichapwa katika Mambo Leo, na yeye mwenyewe akawa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1926 alifanya mtihani wa kumaliza masomo, akawa wa pili katika kundi la watahiniwa 11, akapata cheti chake. Na hapo, kwa lugha ya majirani zetu, Shaaban Robert alikuwa amemaliza. Umri wake ulikuwa miaka 17. Hakuingia tena katika shule yo yote ya mchana, hakupelekwa Makerere, hakuvuka bahari kwenda Uingereza kutafuta digrii. Mwaka uleule aliingia kazi ya Serikali kuwa karani katika Idara ya Forodha, na kazi hiyo aliifanya Pangani na kwingineko mpaka mwaka 1944.

Tufikiri kidogo juu ya kazi ya karani wa forodha katika mji mdogo wa pwani. Jahazi huja na kwenda. Mizigo huhesabiwa: magunia ya chumvi, majora ya nguo, nazi, katani, samaki wakavu. Karani huandika idadi, hupiga hesabu ya ushuru, hutia sahihi, hungoja jahazi jingine. Mtu mvivu wa akili aweza kuifanya kazi hiyo miaka 18 akatoka alivyoingia. Lakini mtu mwenye masikio huyasikia maneno ya manahodha na wachukuzi, ya Waarabu na Wahindi, ya Wapemba na Wabondei, huyaokota, huyapima, na kuyaweka akiba. Pangani ni mji wa kale, na pwani yote ile ni nchi ya ushairi. Wako wazee wenye tenzi nyingi kifuani ambao hawakupata cheti cha shule yo yote. Twaamini kwamba chuo kikuu cha Shaaban Robert kilikuwa pale, penye mizani na daftari la ushuru, na saa za jioni baada ya ofisi kufungwa.

Kwamba hakuacha kujifunza, kazi zake ndizo zenye kushuhudia. Kiingereza alichotoka nacho shuleni kilikuwa cha karani. Lakini mwaka 1952 kilichapwa kitabu chake cha mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili. Khayyam alikuwa mshairi na mwanahesabu wa Uajemi wa karne ya 11 na ya 12. Shaaban aliyapata mashairi yake katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald, akayavika vazi la Kiswahili. Mtu hafiki hapo kwa masomo ya miaka minne peke yake. Hufika kwa kusoma tena kitabu ambacho mara ya kwanza hakukielewa, na kwa kuuliza bila haya maana ya neno moja. Alisoma kwa taa, baada ya kazi, akiwa mume na baba wa watoto, kwa mshahara wa karani wa Kiafrika, ambao haukuwa mshahara wa kununulia vitabu vingi.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake, au la watu maskini wa makoloni tu. Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1925, mwaka ambao Shaaban alikuwa bado darasani Dar es Salaam, ilipewa George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Dublin, katika nchi ya Ireland, mwaka 1856. Shaw alizichukia shule alizopitishwa, akaziacha kabisa mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 15, akawekwa kuwa karani katika ofisi ya kusimamia mashamba na kodi za majumba. Mwaka 1876 aliacha ukarani akaenda London, na huko kwa miaka mingi alishinda katika chumba cha kusomea cha British Museum, ambamo mtu aliyeruhusiwa aliweza kusoma bila malipo. Aliandika hadithi ndefu tano, na wachapishaji wakazikataa. Basi hawa wawili, mmoja wa Dublin na mmoja wa Vibambani, walikuwa na mengi yasiyofanana: dini, rangi, tabia na tawala walizoishi chini yake. Lakini wote wawili walitoka shuleni vijana, wakakaa ofisini kuandika hesabu za watu wengine, na kujifunza kwa nguvu zao. Tofauti moja ni kubwa, nayo yatuhusu sisi: Shaw alipata jumba la vitabu la kumpokea, ambapo Pangani halikuwako.

Jambo jingine la kutazamwa ni jinsi Shaaban Robert alivyoitumia elimu aliyoipata kwa shida. Hakuifungia sandukuni. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto wadogo. Katika kitabu cha maisha yake, tunamkuta baba huyu akiwatungia watoto wake mashairi ya mafundisho. Utenzi mmoja, Utendi wa Hati, alimtungia binti yake Mwanjaa; mwingine, Utendi wa Adili, alimtungia mwanawe Suleiman. Ndani yake mna mashauri ya dini, adabu, usafi, kazi, ndoa na kusema kweli. Twawaomba akina baba wa Uluguru walitafakari hili. Katika miaka ambayo watu wengi waliona kwamba binti hahitaji maandishi, karani mmoja wa Serikali aliketi akamwandikia binti yake kitabu kizima cha malezi, kwa mkono wake mwenyewe, ili akisome.

Wala hakuwadharau wasiosoma. Alipoandika maisha ya mtu mashuhuri, hakumchagua Sultani wala Gavana. Alimchagua Siti binti Saad wa Unguja, mwanamke wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu, ambaye hakupata shule, naye kwa sauti yake akawa mwimbaji wa taarabu ambaye santuri zake, zilizotiwa sauti Bombay tangu mwaka 1928, zilisikika pwani nzima. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban ukachapwa mwaka 1958. Mtu aliyejua mwenyewe uchache wa shule aliweza kuuona ukubwa wa mtu ambaye hakuwa nayo kabisa.

Mwaka 1944 alihamishwa kutoka pwani akapelekwa Mpwapwa, huko kwa jirani zetu wa magharibi. Mwaka 1946 akarudi Tanga, kwanza katika ofisi ya wilaya, kisha katika Idara ya Upimaji wa Ardhi, na ukarani wake ukaishia huko. Katika miaka hiyo ndipo vitabu vilipoanza kutoka kwa wingi: Pambo la Lugha, Maisha Yangu, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na vingine. Alipewa nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi wake, na Serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Lakini cheo chake ofisini kilibaki cha karani. Mtu ambaye maneno yake yalifundishwa shuleni aliendelea kunakili barua za watu wengine.

Katika Kusadikika anasimulia habari za Karama, mtu aliyeshtakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake lilikuwa kutaka kuwafundisha wananchi elimu ya sheria. Msomaji wa miaka ile alielewa vema kwamba nchi hiyo iliyosemekana kuelea angani haikuwa mbali sana na Tanganyika. Na katika Utubora Mkulima anasimulia habari za mtu aliyeacha kazi nzuri ya ofisini mjini akaenda kijijini kulima, bila kuiacha akili yake mjini. Twadhani kitabu hiki kingefaa sana kusomwa Nyandira na Kinole, ambako kijana mwenye kusoma huona haya kushika jembe, na mwenye kushika jembe huona haya kushika kitabu.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vyake kadha havikuwa vimechapwa. Kufikirika, Siku ya Watenzi Wote, Utubora Mkulima na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka baada ya yeye kuzikwa. Aliacha maandishi mengi kuliko aliyoyaona yakisomwa.

Sasa turudi katika swali letu. Twajua kwamba maisha kama haya yaweza kutumiwa vibaya. Yuko mzazi atakayesema: kama Shaaban Robert alisoma miaka minne tu, mwanangu naye miaka saba imemtosha, na ada ya kitu gani tena? Mzazi huyo amekosea. Shaaban hakuacha shule kwa kupenda. Alisoma mpaka mwisho wa ngazi aliyowekewa, akawa wa pili. Ngazi ndiyo iliyokuwa fupi. Na tusisahau wale wengine. Kwa kila Shaaban mmoja aliyepenya, ni watoto wangapi wa umri wake, wa Tanga na wa Uluguru, waliokuwa na akili sawa na yake, nao wakafa bila kuandika hata jina lao? Hao hawana wasifu. Katika nchi yetu ada ya shule za sekondari za Serikali imeondolewa tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hata cha nne, na tangu mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Mzazi anayemtoa mtoto wake shuleni leo, ili akachunge mbuzi au akafanye kazi za ndani mjini, anaifupisha kwa mkono wake ngazi ambayo wenzake waliililia.

Lakini kosa la pili ni kubwa vilevile, nalo ndilo tulilotaka hasa kulisema. Ni kudhani kwamba elimu ni jengo lenye bati, na kwamba mtu akitoka mlangoni mwake imekwisha. Kijana wa Mgeta aliyekosa nafasi ajua kusoma na kuandika. Amekaa darasani miaka mingi kuliko aliyokaa mwandishi mkuu wa lugha yake. Anacho Kiswahili, ambacho Shaaban alikifanyia kazi mpaka kikawa na uwezo wa kubeba neno lo lote. Analo pengine na Kiluguru cha bibi yake, chenye hadithi na methali ambazo bado hazijaandikwa. Kinachompungukia ni vitu viwili: kitabu cha kusoma, na mtu wa kumtazamia kwamba atasoma.

Vitu hivyo viwili twaweza kumpa. Hapa Morogoro iko maktaba ya umma; ni watu wazima wangapi kati yetu wamepata kumpeleka mtoto wao humo? Katika kila kijiji yuko mwalimu mstaafu, au karani, au muuguzi, mwenye vitabu vitano au sita vinavyoliwa na mchwa. Na avitoe. Baba asiyejua kusoma na amwambie mwanawe amsomee ukurasa mmoja kila jioni, naye asikilize. Kusikiliza kwake kutamfundisha mtoto kuliko fimbo. Mjomba anayesema neno la mwisho katika ukoo na aseme kwamba madaftari hayachanwi. Kijana mwenyewe, akingojea abiria kando ya pikipiki yake penye njia panda ya Mkuyuni, anazo saa nyingi za kungoja kuliko karani wa forodha wa Pangani alivyokuwa nazo kati ya jahazi na jahazi.

Hatuahidi kwamba atakuwa Shaaban Robert. Wengi wetu hatutakuwa. Lakini ataweza kusoma mkataba wa shamba kabla ya kutia dole gumba, ataweza kuandika barua ya madai yake bila kumlipa mwandishi, na ataweza kumwandikia binti yake maneno ya malezi kwa mkono wake. Basi mwaka huu majibu yatakapotoka, nasi tukaulizwa habari za mtoto ambaye jina lake halikuonekana, tusiseme kwamba amemaliza. Tuseme ametoka shuleni, na kwamba bado anasoma. Kisha tuhakikishe kwamba tumesema kweli.